Shaba chakavu: punguza volti, tunza tope

Ukisafisha shaba chakavu kwa elektrolisisi (kupitisha umeme majini) nyumbani, usiharakishe kwa kuongeza volti. Shaba hutoka anodi (kipande cha shaba chakavu, upande chanya) na kujijenga kwenye kathodi (bamba la upande hasi) hata kwa nusu volti au pungufu. Ukiunganisha chaja ya volti 12 moja kwa moja, utapata unga mwekundu unaomomonyoka, wenye uchafu ndani. Ampea 2 kwa kila desimita mraba ya kathodi zinatosha. Ampea 1 kwa saa 1 huleta takriban gramu 1.19 za shaba, kwa hiyo subira ni lazima.

Maji ya kuzamishia anodi na kathodi ni ya mrututu (salfeti ya shaba), ule wanaouza kwenye maduka ya pembejeo, pamoja na asidi kidogo ya betri, mpya. Ya betri kuukuu ina risasi. Mimina asidi kwenye maji, kamwe si maji kwenye asidi.

Na sasa fedha, yaani madini ya fedha yaliyomo kwenye shaba chakavu. Zinki, chuma na nikeli hubaki zimeyeyuka majini, lakini sehemu kubwa ya fedha hiyo huanguka chini ya anodi kama tope jeusi. Ifunge anodi kwenye mfuko wa kitambaa ili tope lisichanganyike na shaba, kisha likusanye. Watu wengi hulimwaga!

Ila vipande vya fedha vinavyogusana ndani ya kontakta (swichi kubwa za umeme) za zamani msiviyeyushe kwa moto, tafadhali sana. Vingi vina kadimiamu, na moshi wake huua. Maji yaliyochakaa nayo yasimwagwe mtaroni. Mrututu huua samaki.