Kula si lazima: jinsi ya kuepuka kupoteza kete bure katika sataranji

Wengi wa vijana ninaowafundisha sataranji hapa Mwanga, Kigoma, wametoka kwenye vijiwe vya drafti, ambako kete inayoweza kuliwa ni lazima iliwe. Mazoea hayo ndiyo yanayowaponza, kwa kuwa katika sataranji anayekula amechagua mwenyewe kula, na huenda aliyeiacha kete wazi ameitega.

Hatua ya kwanza ni kukariri thamani: askari 1, farasi 3, askofu 3, ngome 5, malkia 9. Mfalme hana bei.

Hatua ya pili: mpinzani akishacheza, jiulize kete aliyoisogeza sasa inashambulia nini, kisha jiulize imeacha kulinda nini. Swali hilo la pili husahaulika mno.

Hatua ya tatu ndiyo yenye kazi: ukiona cha kula, fuatilia hadi mwisho wa majibizano. Panga ubao (herufi a hadi h ni safu za wima, na namba 1 hadi 8 ni safu za mlalo kuanzia upande wa mweupe). Askari mweupe anatoka e2 hadi e4, na mweusi anatoka e7 hadi e5. Farasi mweupe anakwenda f3 kumtishia askari huyo, naye mweusi anamlinda kwa kusogeza askari wa f7 hadi f6. (Ufunguzi huu una jina la Damiano, Mreno wa karne ya 16, ingawa yeye mwenyewe aliukosoa.) Farasi anamla askari wa e5. Mchezaji wa drafti hasiti: anamla farasi, akihesabu kwamba ametoa 1 na kupata 3. Hapo malkia mweupe anakwenda h5 na kutoa cheki, yaani kumshambulia mfalme, kupitia mshazari ambao askari wa f7 alikuwa ameuziba. Mweusi akikinga kwa askari wa g7 hadi g6, malkia anamla askari wa e5, anatoa cheki tena, na papo hapo anaishambulia ngome ya h8. Mfalme akikimbilia e7, anafukuzwa hadi katikati ya ubao. Afadhali mweusi angemwacha farasi na kupeleka malkia wake e7, kwani farasi akirudi f3, malkia huyo anamla askari wa e4 kwa cheki. Bora zaidi, angemlinda askari tangu awali kwa farasi wa b8 kwenda c6.

Hatua ya nne: kabla hujagusa kete, tazama kila cheki na kila ulaji ambao hatua yako itampa mpinzani. Fanya hivyo kabla ya kugusa, maana kanuni za FIDE, shirikisho la kimataifa la sataranji, humlazimu aliyegusa kete yake kwa makusudi kuicheza, ikiwa inaweza kusogezwa. Mimi hushika kikombe cha kahawa kwa mkono ninaochezea, ili usinitangulie.

Hatua ya tano: andika kila mchezo katika daftari, na utie alama nyekundu pale ulipopoteza kete bure. Kurasa za mwanzo za daftari langu zimejaa alama hizo, na nyingi ziko kwenye zamu ambazo mimi ndiye niliyetoka kula.