Chumba cha wageni New York: hesabu vichwa kwanza

Kila msimu wa likizo naulizwa na Waswahili wenzangu hapa Bronx: "Dada, nina chumba kimekaa bure, nikiweke mtandaoni nipangishe wageni wa siku chache?" Na mimi huwauliza: mgeni akija, wewe utalala wapi? Kama jibu ni "kwa shemeji", basi hapo hakuna biashara.

Tangu Septemba 5, 2023, jiji linaitekeleza kwa ukali sheria yake nambari 18 ya mwaka 2022, ya kusajili wanaopangisha wageni kwa muda mfupi. Kwa mgeni wa chini ya siku 30, mwenyeji lazima awe anaishi humo humo na awepo wakati wote mgeni yupo. Wageni wanaolipa wasizidi wawili. Hata ukiwa na nyumba nzima yenye vyumba vinne, ni wawili tu. Shangazi aliyekuja kukusalimia bila kulipa hahesabiwi.

Kinachowachanganya wengi ni milango. Mgeni awe na njia ya kufika kila chumba, kwa hiyo huruhusiwi kumfungia sehemu ya nyumba. Mimi niling'oa komeo la chumba changu cha kulala, matundu ya skrubu bado yapo. Pasipoti na dhahabu za harusi zimo kwenye sanduku la chuma uvunguni. Kama hilo linakukosesha usingizi, kazi hii si yako.

Kabla hujalipa chochote, soma mkataba wako wa pango. Nyumba za umma za jiji na zile ambazo kodi yake inadhibitiwa hazisajiliwi, na kuna majumba ambayo wenyewe wameomba yapigwe marufuku. Ukivuka hapo, omba usajili kwa ofisi ya meya inayosimamia jambo hili. Ada ni dola 145, na ukikataliwa hairudi. Usidhani utafanya kimyakimya: bila usajili tovuti za kupangisha haziruhusiwi kupokea malipo ya mgeni wako, na faini kwa mwenyeji yaweza kufika dola 5,000.

Ukishapata cheti, kibandike ndani panapoonekana, pamoja na mchoro wa njia za kutokea moto ukizuka. Wangu uko nyuma ya mlango wa kuingilia, ngazi za nje za dharura nimezikoleza kwa kalamu nyekundu.

Familia ya watu wanne ikikuomba, waelekeze hotelini. Anayetaka siku 30 au zaidi mfululizo, huyo usajili huu haumhusu. Andikianeni mkataba wa kawaida.