Barua ya siri ikifika masijala

Barua yenye muhuri wa SIRI hufunguliwa masijala (ofisi ya kupokea na kutunza barua na majalada) na mtunza kumbukumbu aliyeruhusiwa tu, si mhudumu wala mhazili. Huja katika bahasha mbili; kagua kwanza gundi ya bahasha ya ndani. Ikiwa imeguswa, usiifungue. Mwite mkuu wako papo hapo.

Iandike kwenye rejista: tarehe, ilikotoka, kumbukumbu namba, idadi ya kurasa. Kichwa cha habari kiwe kifupi, maana rejista nayo husomwa. Kisha ipe namba ya folio (namba yake ya mfuatano ndani ya jalada), kona ya juu kulia, na uiweke kwenye jalada.

Majalada hupotea mkononi zaidi ya kabatini. Ofisa A humpa B "mara moja tu", B anasafiri kwenda Newala, na rejista bado inamtaja A. Jalada lirudi masijala kwanza, hata kama meza zao zinagusana. Jioni hesabu yaliyo nje, uyafuate.

Kwa barua inayotoka Lindi kwenda Mtwara, tumia bahasha mbili: ya ndani ina muhuri wa siri, ya nje anuani tu. Mpokeaji asaini.

Unyevu wa pwani huozesha karatasi. Kabati lisigusane na ukuta.