Chifu Wako Anastaafu? Muage Hivi

Siku ya kwanza nilipomtaja Chifu kwenye simu, mama yangu kule Likoni alishtuka. "Umefanya nini tena hata uitwe kwa chifu?" Kwake yeye chifu ni yule wa serikali, mwenye khaki na baraza, ambaye ukiitwa kwake ujue kuna kesi. Nilicheka, maana wangu naye alivaa khaki. Katika Jeshi la Majini la Marekani cheo cha chifu kipo tangu tarehe 1 Aprili 1893, na mwanamaji akishakifikia ndipo anapovaa khaki na nanga ya dhahabu kolani. Juu yake kuna sinia chifu na masta chifu, vyeo vilivyoongezwa mwaka 1958.

Mimi nilitumikia miaka minane, nyingi kati yake nikiwa Norfolk, kambi ya jeshi hilo kule Virginia, kazi yangu bohari ya vipuri ndani ya meli. Sasa ni raia wa kawaida, na kila mwaka kuna kijana wetu, Mkenya au Mtanzania, anayenipigia: chifu wangu anastaafu, nimfanyie nini? Basi nawaandikia wote mara moja.

Kwanza, tarehe. Usiangalie siku ya kustaafu iliyo kwenye karatasi. Watu wengi huwa wamelimbikiza likizo, huichukua yote mwishoni, na sherehe hufanywa kabla hawajaondoka. Ukisubiri tarehe rasmi utamkuta ameshahamisha vyombo. Anza miezi sita kabla, na umuulize yeye mwenyewe kama anataka sherehe. Wako wasiotaka kabisa, nao waheshimiwe kwa kuachwa.

Pili, barua. Hapa ndipo ningetaka utumie nguvu zako zote. Kibao cha mbao chenye jina lililochongwa atapewa na ofisi, na kitaishia gereji. Barua atazisoma. Tafuta watu aliowalea, hasa wale wa vyeo vya chini waliokwisha kuhama, umuombe kila mmoja ukurasa mmoja. Wakatalie maneno ya "ulikuwa kiongozi bora". Mwambie kila mtu aandike jambo moja, lilitokea wapi, na Chifu alisema nini.

Yangu ilikuwa hivi. Saa nane za usiku, tukiwa baharini, hesabu yangu ya bohari ilipungua vali mbili. Nikaandika kwamba zipo, nikijiambia zitaonekana. Chifu alikuja na kikombe chake cha kahawa, akasoma karatasi, hakunipigia kelele. Akaketi juu ya ndoo, akafungua droo ya kwanza, akaanza kuhesabu na mimi upya. Tulimaliza alfajiri. Vali zilikuwa kwenye droo ya jirani, zimewekwa lebo isiyo yake. Akaniambia fundi wa mtambo akija kutafuta kipuri moto ukiwaka, hatakuja kutafuta karatasi yangu. Mwezi huohuo aligundua kwamba mshahara wangu wote naupeleka nyumbani, akanikalisha na kalamu: cha mama, cha kodi, cha kwako. Na ni yeye aliyeniuliza kwa nini sijajaza fomu ya N-400 ya uraia, ilhali wanajeshi hawalipii ada yake. Nilikuwa sijui. Mambo matatu, ukurasa mmoja, nimemaliza.

Tatu, kisanduku cha kioo. Mabaharia husimulia kwamba ni mkosi kivuli cha mtu kutangulia kugusa nchi kavu kabla yake mwenyewe, ndiyo maana wenzake humtengenezea sanduku la mbao lenye uso wa kioo, la kubeba kivuli hicho: bendera iliyokunjwa pembe tatu, alama za vyeo vyake kuanzia cha chini hadi cha mwisho, nishani, na nembo za meli alizopanda. Kama kuna fundi seremala katika kikosi, mpe yeye kazi. La kununua ni zuri, lakini la mkono lina harufu ya mtu.

Hapa angalia sana mpangilio wa nishani. Ile yenye hadhi kubwa hukaa juu kabisa, upande wa katikati ya kifua, kisha nyingine zinafuata kwa daraja. Mimi nilizipanga kwa rangi, jinsi zilivyopendeza machoni, nikagundisha na gundi kali. Chifu alikuwa hajatakiwa kuliona sanduku, akaliona. Alilitazama kama alivyoitazama ile hesabu ya vali, akasema neno moja: "Fungua." Nilikesha na kisu cha karatasi. Pata rekodi yake rasmi kwanza, ulinganishe nishani moja moja, na usigundishe chochote mpaka chifu mwingine akague.

Pesa: huku si kwetu, ambako kadi ya mchango hupita na jina lako linasomwa kwenye grupu. Kuna sheria kuhusu zawadi za walio chini kwa mkubwa wao. Thamani ina kikomo, na mchango lazima uwe wa hiari. Muulize mwanasheria wa kikosi kabla hujafungua hata hilo grupu.

Siku yenyewe itajiongoza ukishapata watu wa zamu. Wanamaji husimama safu mbili wakitazamana, na bendera hupitishwa polepole mkono kwa mkono, kutoka cheo cha chini kwenda cha juu, hadi imfikie Chifu. Lifanyieni mazoezi hilo, maana kijana mwenye woga hulikaza lile kunjo mpaka likafumuka. Husomwa maneno ya kumpokea zamu: miaka yote hii alikesha wengine wakilala, sasa wengine wameshika. Kisha kengele, filimbi ya serahangi (msimamizi wa mabaharia), saluti, naye anapita katikati ya safu zile kwenda nchi kavu.

Jamaa waalikwa, mkiwamo nyinyi mnaotoka Baltimore na vitenge vyenu: mwiteni "Chifu", au "Sinia Chifu" au "Masta Chifu" kama ndicho cheo chake. Msimwite "bwana mkubwa". Na siku za kawaida chifu hapigiwi saluti, hiyo ni ya maofisa. Shemeji yangu alimpigia mlangoni, kwa mkono wa kushoto, na Chifu akampa mkono wa kulia bila kucheka. Mahamri leteni, yataisha kabla ya keki.

Barua usimpe jukwaani. Zifunge kwa kamba, umpe mume wake au mtoto wake azitie garini.

Halafu Jumatatu ya kwanza mpigie simu. Kwa miaka zaidi ya 20 simu ile imelia usiku na mchana, kijana kalewa, kijana kafiwa, pampu imekufa, na sasa imenyamaza. Mimi nilimpigia Chifu saa kumi na mbili asubuhi. Alipokea kabla haijalia mara ya pili, akaniuliza kuna tatizo gani.