Mkojo na choo baada ya kutolewa kizazi: hatua kwa hatua ukiwa nyumbani

Wengi wanaotolewa kizazi wanaogopa kidonda cha tumbo, ambacho kwa kawaida hupona vizuri. Kinachowatesa wakisharudi nyumbani ni mkojo unaogoma kutoka, au unaotoka wenyewe, na choo kilichofunga siku nne. Mimi ni muuguzi wa wodi ya wanawake hapa Mwanza. Namwandikia mama aliyelala nyumbani sasa hivi, pamoja na binti, dada au mume anayemuuguza.

Kwanza ujue kwa nini inatokea. Kibofu cha mkojo kimekaa mbele ya kizazi, na sehemu ya mwisho ya utumbo mpana iko nyuma yake. Daktari hawezi kukitoa kizazi bila kukibandua kibofu taratibu kutoka kwenye shingo ya kizazi, kwa hiyo kibofu hubaki kimevimba kwa muda. Upande wa utumbo, dawa ya usingizi huufanya uzubae, na dawa kali za maumivu kama mofini na tramadoli huuzubaisha zaidi. Kwa wanawake wengi hali hii hutulia ndani ya wiki chache.

Hatua ya 1: Usijinyime maji

Hili naliweka mbele kwa sababu ndilo linaloharibu mengine yote. Mama anakaa mlimani, Bugarika au Mabatini, choo kiko nje, chini ya ngazi za mawe. Akifikiria kushuka usiku akiwa na mshono tumboni, anaamua kunywa vikombe viwili tu kwa siku. Namwelewa kabisa. Lakini mkojo ukiwa mchache unakuwa mzito, rangi kama chai isiyo na maziwa, unakichoma kibofu, naye anabanwa kila mara ingawa kinachotoka ni matone. Hapo UTI (maambukizi ya njia ya mkojo) inapata mlango. Utumbo nao unanyonya maji yote na choo kinakauka. Choo kigumu kinakikandamiza kibofu, mama anasukuma kwa nguvu, na kusukuma huko kunalegeza misuli ileile inayozuia mkojo.

Kunywa lita 1.5 hadi 2 kwa siku, maji yaliyochemshwa au kutibiwa, na sehemu kubwa uinywe kabla ya saa kumi na mbili jioni. (Kama una ugonjwa wa moyo au figo, fuata kiwango alichokupa daktari wako.) Usiku weka chumbani ndoo yenye mfuniko, mtu wa nyumbani aimwage asubuhi. Chai ya rangi, kahawa na soda za kola punguza kwanza, maana zinakichokoza kibofu.

Hatua ya 2: Mpira wa mkojo ukishatolewa

Mpira huu (katheta) huingizwa kwenye kibofu kutoa mkojo wakati wa operesheni, na mara nyingi hutolewa ndani ya siku moja au mbili. Baada ya hapo unatakiwa kukojoa ndani ya saa nne hadi sita. Usisubiri kubanwa, kwa sababu kibofu kilichozubaa kinaweza kujaa bila wewe kuhisi. Kaa, usikojoe ukiwa umeinama nusu juu ya sinki la choo. Inamia mbele, pumua, usisukume. Ukimaliza, simama kidogo, kaa tena, ujaribu mara ya pili. Mkojo uliobaki mara nyingi hutoka hapo.

Ikiwa saa sita zimepita na hujakojoa, au tumbo la chini limejaa na linauma huku yakitoka matone tu, nenda hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku. Kibofu kikitanuka kupita kiasi huchukua muda mrefu kurudi.

Hatua ya 3: Choo

Dalili ya kwanza kwamba utumbo umeamka ni kutoa hewa. Usione aibu, sisi wodini tunaulizia jambo hilo kila asubuhi kwa sababu linatupa raha. Tembea chumbani mara kadhaa kwa siku, maana kulala muda wote kunazuia gesi.

Kula papai, parachichi, matembele, mchicha, maharage kidogo kidogo, uji wa ulezi au wa dona. Dagaa na sato ni vizuri kwa kujenga mwili, lakini ugali wa sembe na samaki peke yake havilainishi choo. Vidonge vya kuongeza damu hufunga choo na kukifanya cheusi. Usiviache kimyakimya, mwambie daktari akupangie.

Kuchuchumaa kunasaidia choo kutoka, ila wiki za mwanzo kunavuta mshono. Kama una choo cha shimo, fundi seremala anaweza kukutengenezea kigoda chenye tundu katikati. Kama ni cha kukaa, weka miguu juu ya kistuli ili magoti yapande juu ya nyonga. Kunja kanga mara nne, ikandamize kidogo juu ya kidonda, viwiko viweke juu ya mapaja, kisha acha tumbo lilegee. Ikifika siku ya tatu au ya nne bado, omba dawa ya kulainisha choo, kwa mfano laktulosi. Mitishamba ya kuharisha na ya kupigia bomba achana nayo kabisa.

Hatua ya 4: Misuli ya nyonga

Anza mpira ukishatoka na ukiwa huna maumivu makali. Kaza kana kwamba unazuia hewa isitoke, vuta kwa ndani na juu. Tumbo na makalio yatulie, pumzi iendelee. Shikilia unavyoweza, polepole ufike sekunde 10, achia, pumzika. Fanya mara 10, kwa awamu tatu kila siku. Usifanyie zoezi hili katikati ya kukojoa. Matokeo yanahitaji miezi, kwa kawaida mitatu. Kabla ya kukohoa au kupiga chafya, kaza kwanza.

Ndoo ya lita 20 ikijaa maji ina uzito wa kama kilo 20, mzigo mzito mno kwa misuli hii. Kwa wiki sita wengine wakuchotee maji.

Hatua ya 5: Ukibanwa kila mara

Andika kwenye daftari saa unazokojoa. Ukiona ni kila saa, jizuie dakika 15 zaidi, wiki inayofuata ongeza tena, mpaka ufikie saa tatu au nne. Lakini kabla hujaanza, pima mkojo, maana UTI haitibiwi kwa mazoezi.

Kwa sisi wa Kanda ya Ziwa kuna jambo la ziada. Mkojo wenye damu au unaochoma unaweza kuwa kichocho cha zamani, hasa kwa waliokulia kwenye majaruba ya mpunga na mabwawa. Kichocho cha tumbo nacho kipo sana ufukweni. Mwambie daktari ulikokulia.

Usikae nyumbani na haya

Homa, kutapika huku tumbo limejaa na hewa haitoki, maumivu makali ya ubavu, damu nyingi ukeni, mguu mmoja kuvimba na kuuma.

Na fistula. Mkojo ukivuja ukikohoa tu, huo ni ulegevu wa misuli. Lakini ukijikuta umelowa muda wote, hata umelala, hasa kuanzia wiki ya kwanza au ya pili, huenda kuna tundu kati ya kibofu na uke. Vivyo hivyo hewa au choo kikipitia ukeni. Kipimo ni rahisi: kibofu hujazwa maji ya bluu, pamba huwekwa ukeni, wanaangalia kama imeshika rangi. Tundu dogo likigunduliwa mapema linaweza kuziba kwa kukaa na mpira wiki kadhaa, na lisipoziba linashonwa. Hospitali ya Bugando hapa Mwanza wanatibu fistula. Hujalogwa, wala hukukosea kitu. Wakati unasubiri tiba, paka mafuta ya mgando kwenye ngozi inayolowa, vitambaa vya kanga vifue kwa sabuni na uvianike juani, na maji uendelee kunywa.

Waliotolewa kizazi kwa ajili ya saratani wawe na subira zaidi. Operesheni yao inaweza kugusa mishipa ya fahamu ya kibofu, na wengine huruhusiwa kwenda nyumbani na mpira. Siku ya kliniki nenda na lile daftari, pamoja na majina ya dawa zote unazotumia.