Baga nzuri za Minnesota: acha dirisha la gari, ingia ukae kaunta

Ndugu zangu mlioko Minneapolis na St Paul, na nyie mnaokuja kututembelea, leo naongelea baga. Wengi wetu tumekaa huku miaka mitano, kumi, na baga tunayoijua ni ya dirishani tu. Unatoka zamu ya jioni kwenye nyumba ya wazee saa tano usiku, miguu imevimba, unapitisha gari, unapewa mfuko wa karatasi, unakula huku unaendesha na ukifika nyumbani hata hukumbuki ulikula nini. Mimi nimeishi hivyo karibu miaka minne. Na kinachoniuma ni kwamba mji huu una baga yake wenyewe, ya hapahapa, watu wanaifuata kutoka majimbo mengine, na sisi tunapita mlangoni kwake kila siku tukienda kazini.

Anza na barabara ya Cedar, Minneapolis. Ile ileile ambayo juu kule kuna Cedar-Riverside, yale maghorofa yenye rangi rangi ambako Waafrika Mashariki wengi, hasa ndugu zetu Wasomali, ndiko walikofikia. Shuka nayo kwenda kusini. Kona ya mtaa wa 35 utaona baa ndogo, ya kawaida kabisa kwa nje, inaitwa Matt's Bar, ipo tangu 1954. Ukiendelea na barabara hiyohiyo mpaka mtaa wa 58 unaikuta 5-8 Club, hawa walianza 1928 wakati pombe imepigwa marufuku Marekani nzima, kwa hiyo mwanzoni palikuwa mahali pa kunywea kwa kificho. Hizi sehemu mbili zinabishana mpaka leo nani aliyeanzisha baga inayoitwa Juicy Lucy. Pale Matt's wanaiandika Jucy, bila ile i, na wenyewe wanasema ukiona herufi zimekamilika ujue unakula ya kuigiza. Kwao inasemekana mteja mmoja aliomba pati mbili, yaani yale madonge bapa ya nyama ya kusaga, na chizi iwekwe katikati, akauma, akashangaa kwa sauti, jina likabaki.

Sasa hiyo baga ni nini hasa. Kwenye chizibaga ya kawaida chizi inakaa juu ya nyama. Hapa wanachukua pati mbili mbichi, chizi wanaiweka katikati, halafu wanabana kingo zote zishikane, vilevile unavyobana sambusa ili nyama isimwagike kwenye mafuta. Ikikaa kwenye moto chizi inayeyuka mle ndani na haina pa kutokea, inachemka. Ndiyo maana mhudumu akikuletea atakwambia subiri kwanza. Msikilize jamani! Mdogo wangu alipokuja mara ya kwanza hakusubiri, akauma katikati kwa njaa, chizi ikamrukia mdomoni na kidevuni, wiki nzima anakunywa uji wa vuguvugu. Iache dakika tano, uma pembeni kidogo mvuke utoke, kula chipsi zako kwanza.

Pale Matt's jaribu upate kiti cha kaunta, usikubali meza kama kaunta ina nafasi. Jiko lenyewe ni bamba la chuma, si kubwa, lipo hapohapo mbele, unamuona mpishi na kila anachofanya. Pati zimepangwa safu, pembeni kuna rundo la vitunguu vinavyokaangwa taratibu kwenye mafuta ya nyama hiyohiyo mpaka vinakuwa rangi ya chai ya maziwa, na mpishi ana mwiko wa chuma tu, anageuza, anasogeza, anapanga tena. Banzi ni laini ya kawaida, kachumbari ya matango ya siki ndani, vitunguu juu, basi. Hakuna saladi wala mapambo. Ile harufu ya vitunguu na mafuta ilinirudisha moja kwa moja kwenye chuma la chipsi mayai la mtaani kwetu, na nilikaa pale nikijiuliza kwa nini nilichelewa hivi.

5-8 Club ni pakubwa zaidi na pametulia zaidi, familia zinakuja na watoto, unachagua aina ya chizi unayotaka ndani. Kama una wazazi wametoka nyumbani au unajisikia vibaya kuingia baa, mimi ningekupeleka huko kwanza. Upande wa St Paul kuna Blue Door Pub, wao wanaweka ndani ile chizi ya bluu yenye harufu kali pamoja na kitunguu saumu. Kwa kweli mtu aliyezoea chizi ya kawaida ataihitaji mara mbili mpaka tatu kabla hajaipenda, ila ukiipenda umekwisha. Na kuna The Nook, barabara ya Hamline, dari lote limebandikwa noti za dola na chini ya sakafu kuna ukumbi wa kuchezea bowling, ule mchezo wa kuviringisha tufe kuangusha pini, unakula huku unasikia kwa mbali pini zinaanguka. Watoto wangu wanaipenda hiyo kuliko zote.

Ukitaka daina, ule mgahawa mdogo wa kaunta, ya zamani yenyewe nenda Mickey's Diner katikati ya St Paul, ni behewa, lile umbo la behewa la chakula la treni, limekaa pale tangu 1939 na tangu 1983 limo kwenye orodha ya kitaifa ya majengo ya kihistoria. Viti ni vichache, mnakaa mmebanana na watu msiowajua, na mazungumzo yanaanza yenyewe. Angalia saa zao kabla hujatoka nyumbani, usiendeshe kilomita thelathini kwenye theluji ukakuta mlango umefungwa.

Lakini orodha yangu haitoshi, kwa sababu wewe labda uko Rochester au St Cloud au umehamia jimbo lingine kabisa. Kwa hiyo jifunze kuisoma sehemu. Mimi naangalia kwanza menyu ni ndefu kiasi gani. Sehemu inauza baga, piza, tambi, samaki na wali wa Kichina kwa pamoja, hiyo baga imetoka kwenye friza. Sehemu yenye baga sita na chipsi na vitunguu vya kukaanga, hapo wamejua wanachofanya. Pili nauliza nyama wanasaga wenyewe au inakuja imeshagandishwa, uliza tu kwa heshima, mpishi mzuri anafurahi kuulizwa na atakueleza mpaka bucha anapochukua. Kingine ni mafuta ya nyama. Ukienda dukani unaona pakiti zimeandikwa 80/20, maana yake nyama asilimia 80 na mafuta 20, na hiyo ndiyo baga inataka. Sisi tuna tabia ya kuchagua ile isiyo na mafuta kabisa tukidhani ndiyo bora, kwenye mchuzi sawa, ila kwenye bamba la chuma inakauka inakuwa kama kokoto. Halafu sikiliza. Pati ikigusa chuma lazima ipige kelele, kama husikii chochote chuma hakijashika moto na nyama inachemka badala ya kukaangika, haitapata ule ukoko wa nje, na ukoko ndio utamu wenyewe.

Nenda saa za katikati, kama saa tisa alasiri siku ya Jumanne. Ijumaa jioni utasimama foleni nje, na January huku kusimama nje ni adhabu.

Kuhusu kuiva, hapa naomba mnisikilize vizuri maana mimi nimeshaumwa. Mhudumu atakuuliza unataka iive vipi, na wengi tunajibu medium, yaani iive nusu, kwa sababu ndilo neno tulilosikia. Kuna mgahawa nilijibu hivyo, nikaletewa nyama nyekundu katikati, nikaona aibu kurudisha, nikala, siku mbili sikwenda kazini. Steki ni tofauti, vijidudu vinakaa juu na moto unaviua. Nyama ya kusaga ile ya juu imeshachanganywa na ya ndani, ndiyo maana idara ya kilimo ya Marekani inasema ifike nyuzi 160 za Fahrenheit katikati, sawa na 71 za Selsiasi. Kwa hiyo sema well done, yaani iive kabisa, hasa ukiwa na mtoto, mjamzito au mzee. Na ikija mbichi irudishe! Huku kurudisha chakula si ukosefu wa adabu, hawakasiriki, wanakutengenezea upya.

Halafu suala la nguruwe. Kwanza hilo neno ham kwenye hamburger lisikutishe, jina limetokana na mji wa Hamburg Ujerumani, nyama ni ya ng'ombe. Shida ni bacon, ile nyama ya nguruwe ya vipande vyembamba, ambayo wanapenda kuiweka kila mahali, na inakaangwa kwenye bamba hilohilo. Ndugu zangu Waislamu, na Wasabato pia maana nyie wa kule Brooklyn Park mko wengi, msiulize tu kama baga ina nguruwe, ulizeni kama bacon inapikwa kwenye chuma kimoja na nyama. Hilo ni swali tofauti na jibu lake mara nyingi ni ndiyo. Kwa anayetaka halali kamili, hizo baa nilizotaja si za kwako, na sitaki mtu adanganyike. Lakini Minneapolis kwa ajili ya Wasomali bucha za halali ni nyingi na kuna migahawa ya baga ya halali, ingia uulize nyama inatoka wapi kama unavyouliza kwingine. Na ile ya kubana chizi katikati unaweza kutengeneza nyumbani na nyama ya bucha yako, mradi ubane kingo vizuri na usiibonyeze na mwiko ikiwa motoni, ukiibonyeza inapasuka na chizi yote inaishia kwenye kikaango.

Maneno ya menyu machache yatakusumbua. Basket maana yake inakuja na chipsi. Ukiona baga imeandikwa California, huku Minnesota wanamaanisha imewekwa majani ya saladi, nyanya na mayonezi, haijatoka California. Patty melt ni pati, chizi na vitunguu ndani ya slesi za mkate zilizokaangwa, na kama hupendi banzi hiyo ni nzuri sana. Malt ni kama milkshake ila ina unga wa kimea cha shayiri, nzito, mkichukua moja inatosha watu wawili. Soda wanaita pop. Pilipili huku ni ya kubembeleza, omba jalapeno au hot sauce. Shangazi yangu anatembea na kichupa chake cha achari ya ndimu kwenye mkoba na anakitoa mezani bila wasiwasi wowote, mpaka mhudumu mmoja aliomba aonje na akaongeza.

Bei ya menyu siyo utakayolipa, kodi inaongezwa mwisho, na juu yake kuna tipu. Watu wanaacha asilimia 18 mpaka 20 mezani, bili ya dola 15 unaacha kama dola 3. Kuna sehemu siku hizi zinaongeza service charge, yaani ada ya huduma, zenyewe, soma risiti kabla hujaandika chochote. Sisi tunaofanya kazi za kuhudumia watu tunajua uzito wa hiyo dola tatu, tusiwe wale wanaoondoka kimya. Na beba keshi kidogo, vibaa vya zamani vingine kadi ni shida.

Mkisafiri kwenda harusi au graduesheni majimbo mengine, msirudi kwenye dirisha la gari tena. Karibu na Milwaukee kuna Solly's, tangu 1936, wanapaka siagi kwa wingi mpaka inachuruzika kwenye sahani. El Reno, Oklahoma, wanabonyeza vitunguu vyembamba ndani ya nyama kwenye chuma, kitu kilichoanza enzi za shida ili nyama kidogo ionekane nyingi, na wakati maisha yalipokuwa mazuri watu wakakataa kuiacha. New Mexico wanaweka pilipili za kijani za kuchoma, huko sisi watu wa pilipili ndiko kwetu. New Haven, Connecticut, Louis' Lunch wanasema wanauza tangu 1900, kwenye mkate wa tosti, na ukiomba tomato sosi wanakataa.

Kitu kimoja cha mwisho kwa hapa kwetu. Juicy Lucy usiibebe. Najua tabia yetu ya kufungashiwa tumpelekee na aliyebaki nyumbani, ila hii ukitembea nayo dakika ishirini kwenye gari wakati wa baridi, ile chizi inaganda mle ndani inakuwa kama mshumaa, na banzi linalowana chini. Aliyebaki nyumbani mpigie simu avae koti aje.