Mtoto na baiskeli: anza kwa kung'oa pedeli

Hapa Malindi wazazi wengi huniletea baiskeli niifunge vigurudumu vya pembeni. Huwaambia waviache. Mtoto akivizoea hujifunza kuegemea, na kazi yenyewe ni kusimama sawa bila kuegemea chochote.

Hatua ya kwanza, toa pedeli zote mbili. Spana namba 15 hutosha kwa baiskeli nyingi. Ya kulia hufunguka kawaida, kinyume cha saa. Ya kushoto ni kinyume chake: izungushe mshale wa saa unakoelekea. Wengi huzidi kuikaza wakidhani wanaifungua, kisha husema imeota kutu.

Pili, shusha kiti mpaka nyayo zote mbili zikanyage chini kikamilifu.

Tatu, chagua saa na mahali. Nendeni pwani alasiri, maji yakiwa yamekupwa, mpite pale mchanga ulipolowa na kushikana. Hakuna bodaboda wala tuktuk. Helmeti ikae vidole viwili juu ya nyusi, isirudi kisogoni kama kofia ya kiua.

Nne, mwache asukume kwa miguu. Usimshike usukani! Ukitaka kumshika, mshike mabega, tena kidogo. Atayumba, atakanyaga chini, ataendelea. Akiweza kuinua miguu yote miwili na baiskeli ikaenda huku anatazama mbele, mfundishe breki, ndipo urudishe pedeli.

Akishajua, mpe nafasi ya kuendesha kila siku. Shirika la Afya Duniani linashauri watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 kwa siku za mazoezi ya kuwafanya waheme. Baiskeli huimarisha moyo, mapafu na misuli ya mapaja. Mifupa ndiyo haifaidiki sana, maana uzito wa mtoto umebebwa na kiti. Kwa hiyo mpira na kuruka kamba visikome.

Mkirudi, msiilaze baiskeli na chumvi. Isuuzeni kwa maji baridi, si ya bahari, ikausheni, kisha tieni cheni matone machache ya oili huku mkizungusha pedeli kinyumenyume. Inayozidi ifuteni kwa kitambaa, la sivyo itanasa mchanga, na mchanga huila cheni upesi kuliko kutu. Mafuta ya kupikia hapana.